Akili inajua, miguu inakataa: miwani ya uhalisia pepe na uchunguzi wa fahamu

SWALI

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari hapa Iringa. Wakati wa Nanenane nilikuja Mbeya na wanafunzi wachache, tukaingia viwanja vya John Mwakangale pale Uyole. Banda moja lilikuwa na miwani ya uhalisia pepe, nikavalishwa. Nikajikuta nimesimama kwenye ubao mwembamba juu ya ghorofa refu, chini magari madogo kama siafu. Nilijua fika kwamba nimesimama juu ya turubai, hata muziki wa banda la jirani nilikuwa nausikia. Lakini nilipoambiwa nipige hatua, miguu iligoma na viganja vikalowa jasho. Wanafunzi walicheka, halafu mmoja akaniuliza: 'Mwalimu, aliyejua na aliyeogopa ni watu wawili?' Sijamjibu mpaka leo. Na je, ni kweli wanasayansi wanatumia miwani hii kuchunguza fahamu ya binadamu, au ni mchezo tu?"

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Mwambie huyo mwanafunzi kwamba swali lake ndilo linalowaweka watu maabara usiku na mchana kule Barcelona, Lausanne na Stockholm. Nitaanza na miguu yako.

Bila shaka umewahi kupita mlima Kitonga ukiwa kiti cha mbele cha basi. Basi linashuka, mkono mmoja mwamba, mkono mwingine bonde, na kwenye kona linachomoza lori. Mguu wako wa kulia unakandamiza sakafu. Hapo chini hakuna breki, na unajua hakuna. Ila mguu haukukuuliza. Kuna sehemu za ubongo ambazo kazi yake ni kuulinda mwili usianguke na usigongwe, nazo hufanya kazi kwa taarifa za macho, masikio na misuli, haraka kuliko fikra. Habari ya turubai uliyokuwa nayo kichwani haikuwafikia walinzi hao kwa njia wanayoielewa. Wao walipokea picha iliyogeuka sawasawa na kichwa chako kilivyogeuka, na shimo lililosogea ulipoinama. Kwao hilo ni shimo.

Miwani yenyewe haina uchawi. Kila jicho linapewa picha yake, tofauti kidogo na ya jicho la pili, ndipo ubongo unapata kina. Vihisio vinafuata mwendo wa kichwa, na picha inachorwa upya mara 72, 90 au zaidi kwa sekunde. Tangu ugeuze kichwa hadi picha igeuke, mafundi hulenga zisipite milisekunde 20 hivi. Zikizidi sana, sikio la ndani linasema jambo moja na macho jingine, na badala ya kuogopa shimo utatafuta ndoo ya kutapikia.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walichapisha jaribio linalofanana kabisa na lako. Waliwaingiza watu kwenye chumba pepe chenye shimo katikati, wakapima mapigo ya moyo. Mapigo yalipanda watu walipofika ukingoni. Walipoweka sakafuni ubao halisi, mwembamba tu, ili vidole vya miguu vihisi ukingo, yalipanda zaidi. Ubao wa unene wa vidole viwili uliongeza uzito wa shimo ambalo halipo. Kama wenye banda la Uyole walikukanyagisha ubao wa kweli, walijua wanachofanya.

Mel Slater wa Barcelona, ambaye amefanya kazi hii kwa miongo kadhaa, mwaka 2009 alipendekeza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni hisia ya kuwapo mahali: niko huku, siko kule. La pili ni hisia kwamba linalotokea linatokea kweli. Yote mawili yanaweza kuwapo kwa mtu ambaye hajaamini hata dakika moja. Wewe hukuamini kwamba uko ghorofani. Ulikuwapo ghorofani bila kuamini, na hapo ndipo mwanafunzi wako aliponusa kitu.

Kwa hiyo jibu langu kwake ni hili: mtu ni mmoja, ila kile tunachokiita fahamu kimefungwa kama mzigo wa kuni. Ukiubeba kichwani ni mzigo mmoja na unausikia kama kitu kimoja. Ukifungua kamba unakuta fito: kuwapo mahali, kuwa na mwili huu na si mwingine, kuona, kujua, kuogopa, kuhisi kwamba ni mimi niliyeinua mkono. Maisha ya kawaida hayafungui kamba hiyo. Popote unapokwenda, mwili wako upo na macho yako yapo. Huwezi kumwambia mtu auache mwili wake nje ya mlango ili tuone kitakachobaki. Miwani hii imewapa watafiti nafasi ya kuvuta fito moja na kuacha nyingine zikiwa zimetulia, kisha kuirudisha, kisha kuivuta tena. Ndiyo maana nasema kwa moyo wote kwamba ni chombo cha sayansi, hata kama kilianza kuuzwa kama mchezo.

Fito ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mwili, na hiyo unaweza kuivuta bila miwani.

Miaka michache iliyopita nilimkalisha sebuleni kwangu hapa Mbeya kijana anayetuletea viazi kutoka Mwanjelwa. Nilichukua glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, nikaijaza mchele mpaka vidole vikasimama, nikailaza mezani mbele yake. Mkono wake wa kushoto niliuweka pembeni ya glavu, nyuma ya kitabu kikubwa kilichosimamishwa kama ukuta, asiuone. Khanga ikafunika kuanzia begani hadi kifundo cha glavu. Kisha nikashika brashi mbili ndogo za rangi, nikaanza kupapasa kidole cha glavu na kidole chake kilichofichwa, kwa pamoja, mahali palepale, mwendo uleule. Yeye alikodolea macho glavu. Dakika ya kwanza alikuwa anaongea habari za bei ya gunia. Ya pili akanyamaza. Kama dakika ya tatu nilimwambia afumbe macho na aoneshe kwa kidole cha mkono wa kulia, chini ya meza, kidole chake cha kushoto kilipo. Alionesha karibu na glavu, si karibu na mkono wake. Tukaendelea kidogo, halafu nikainua nyundo juu ya glavu. Alichomoa mkono wake wa kweli kwa kasi hata kitabu kikaanguka. Akabaki anaufumba na kuufumbua, anautazama. Akasema, "Mzee, ule ulikuwa wangu."

Nikarudia. Safari hii brashi moja ilitangulia na nyingine ikachelewa. Baada ya dakika zilezile tatu akasema hii ni glavu tu, tena ina mchele.

Matthew Botvinick na Jonathan Cohen ndio waliochapisha jaribio la mkono wa mpira, mwaka 1998, kwenye ukurasa mmoja tu wa jarida la Nature. Uzito wake uko kwenye kile nilichokifanya mara ya pili. Kila kitu kilibaki vilevile: glavu ileile, kijana yuleyule, brashi zilezile. Kilichobadilika ni muda tu. Basi kumbe hisia ya "huu ni mkono wangu" haitoki kwenye mfupa. Ubongo huijenga kila sasa hivi kwa kulinganisha kinachoonekana na kinachoguswa, na vikiwiana husaini hati ya umiliki.

Miwani iliruhusu hatua iliyofuata, mwili mzima. Mwaka 2007 jarida la Science lilitoa kazi mbili kwa mpigo. Henrik Ehrsson alimkalisha mtu kitini, akaweka kamera mbili nyuma yake, mtu akawa anajiona mgongoni kupitia miwani. Akamgusa kifuani kwa fimbo ya plastiki, na wakati huohuo akaisogeza fimbo nyingine chini kidogo ya kamera, pale ambapo kifua kingekuwa kama mtu angekuwa amekaa kule nyuma. Watu walisema wanajihisi wamekaa nyuma ya miili yao wenyewe. Nyundo ilipopigwa kuelekea mahali patupu chini ya kamera, jasho la ngozi lilipanda. Kazi ya pili ni ya Bigna Lenggenhager, Olaf Blanke na wenzao wa Uswisi. Wao walimwonesha mtu mgongo wake mwenyewe mbele yake ukipapaswa, naye akihisi kupapaswa. Kisha walimfunga macho, wakamsogeza nyuma, wakamwambia arudi aliposimama mwanzo. Alipitiliza kuelekea kule alikoona mwili wake.

Tafakari hilo, Mwalimu. Nyumbani kwetu mtu akisimulia kwamba aliugua akajiona yuko juu ya kitanda anautazama mwili wake umelala, wako watakaosema ni roho na wako watakaosema ni uongo. Mimi simwambii mgonjwa kwamba anadanganya, na sidhani anadanganya. Blanke na wenzake walikuwa wameripoti mwaka 2002 kwamba kuchochea kwa umeme sehemu moja ya ubongo wa mgonjwa wa kifafa, upande wa kulia, juu na nyuma ya sikio, kulimfanya ajione akielea juu. Hisia ya kuwa ndani ya mwili ina mahali inapofanyiwa kazi, na kazi hiyo inaweza kuyumba. Imani ya mtu kuhusu roho ni jambo jingine. Jaribio hili haliigusi wala halina namna ya kuigusa.

Mfano mmoja zaidi wa mwili, kwa sababu unawahusu walimu. Mwaka 2013 Domna Banakou, Raphaela Groten na Mel Slater waliwavisha watu wazima mwili pepe wa mtoto wa miaka 4. Mtu akijitazama kwenye kioo pepe anaona mtoto, na akiinua mkono mtoto naye anainua. Wengine walivishwa mwili wa mtu mzima uliofinywa hadi urefu uleule. Walipoulizwa ukubwa wa vitu, wote waliviona vikubwa kuliko vilivyo, ila waliokuwa ndani ya mwili wa mtoto waliviona vikubwa zaidi. Urefu ulikuwa sawa, kwa hiyo tofauti ilitoka kwenye kuwa mtoto. Mwendo wa mwili pepe ulipoachanishwa na mwendo wao wenyewe, tofauti hiyo ilitoweka. Kila nikiona mtoto wa chekechea ananyata kwenye korido ya shule nalikumbuka jaribio hili. Korido yake si korido yangu.

Sasa tuondoke kwenye mwili twende kwenye kuona, maana hapa miwani imetupa kitu ambacho glavu na brashi visingeweza.

Simama sokoni asubuhi utazame mafungu ya nyanya. Utaapa kwamba unaona soko lote kwa rangi zake: kanga, ndoo, miamvuli. Wewe unafundisha retina na koni, zile seli za jicho zinazotambua rangi, unajua kwamba pembeni ya jicho uwezo wa kutofautisha rangi ni hafifu. Lakini hafifu kiasi gani, kwa mtu anayegeuka huku na huku kama anavyofanya sokoni? Mwaka 2020 Michael Cohen, Thomas Botch na Caroline Robertson walitumia miwani inayofuatilia mboni. Watu walitazama picha za mahali halisi zilizowazunguka pande zote, nao wakawa huru kugeuza kichwa. Bila kuambiwa, rangi ilianza kuondolewa pembeni. Popote jicho lilipohamia, duara la rangi lilihama nalo, na nje ya duara kila kitu kilikuwa cha kijivu. Duara lilibanwa hadi rangi ikabaki kwenye sehemu isiyofika asilimia 5 ya kinachoonekana, na bado karibu theluthi moja ya watu hawakugundua kitu. Walipoulizwa baadaye, walishangaa.

Mimi lilinishangaza kuliko nyundo ya Ehrsson. Maana ya mkono wa mpira ni kwamba ubongo unaweza kukosea kuhusu mwili. Hili linasema unaweza kukosea kuhusu fahamu yako mwenyewe, sasa hivi, ukiwa macho, hujanywa kitu. Tulidhani angalau hapo kila mtu ni shahidi asiyepingika.

Anil Seth na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walikwenda njia nyingine mwaka 2017. Walichukua video ya eneo la chuo, wakaipitisha kwenye programu ya kompyuta inayotambua picha, wakaifanya ione sura za mbwa mahali zisipo, kisha wakaiweka kwenye miwani. Waliotazama walieleza waliyoyaona kwa namna inayokaribia masimulizi ya watu waliopewa silosibini, kemikali ya uyoga fulani. Lakini muda kwao haukuvutika wala kufinyika, kama wanavyosimulia watumiaji wa vitu hivyo. Hiyo "lakini" ndiyo faida yenyewe. Imetenganisha maluweluwe ya macho na kuvurugika kwa muda, mambo ambayo kwenye dawa huja yamebebana.

Nisikufiche upande wenye udhaifu. Tunajuaje mtu anahisi nini? Kwa kumuuliza, kwa kupima jasho na mapigo, na kwa kutazama anachofanya. Kumuuliza kuna mtego: mtu mwenye adabu hutoa jibu analodhani unalitaka, na hapa kwetu, kijana mbele ya mzee, mtego huo ni mkubwa zaidi. Mwaka 2020 Peter Lush na wenzake, Seth akiwamo, walionesha kwamba watu wanaoshawishika kwa urahisi, wale ambao hata kwenye majaribio ya hipnosisi hufuata maelekezo, ndio pia wanaosimulia mkono wa mpira kwa nguvu zaidi. Ubishi bado unaendelea kuhusu kiasi gani cha hisia hii kinatokana na brashi na kiasi gani kinatokana na matarajio. Ndiyo sababu napenda majaribio ya aina ya duara la rangi, ambapo mtu hana habari kwamba kuna kitu cha kutarajia.

Na kuna kuta ambazo miwani haijazipanda kabisa. Mwanafalsafa David Chalmers alizipa jina mwaka 1995: tatizo gumu. Unaweza kueleza jinsi ubongo unavyolinganisha brashi na jicho, hatua kwa hatua, na bado ubaki na swali kwa nini kazi hiyo yote inahisiwa na mtu, badala ya kufanyika gizani kama ini linavyofanya kazi yake. Mwaka 1998 mwanasayansi wa ubongo Christof Koch aliweka dau naye, kasha la mvinyo, kwamba ndani ya miaka 25 alama ya fahamu kwenye ubongo itakuwa imepatikana kwa uwazi. Mwaka 2023 Koch alilipa kasha hilo. Miwani inatuonesha fahamu imeundwa na fito zipi na zinafungwaje. Kwa nini kuna mbebaji anayesikia uzito, hapo hatujafika, na sitakubali mtu awaambie wanafunzi wako kwamba tumefika.

Kuhusu madhara nitasema kwa ufupi, kwa sababu unaongoza watoto. Kama miguu yako iligoma, basi hofu ile ilikuwa hofu kamili. Slater alionesha tangu 2006, alipowapa watu kazi ya kumwadhibu kwa umeme mwanamke pepe: wote walijua hayupo, lakini waliomwona na kumsikia waliumia moyoni na miilini kuliko waliowasiliana naye kwa maandishi tu. Kwa hiyo usimsukume mwanafunzi anayesema inatosha. Anayeugua kifafa asivae bila ushauri wa daktari, na aambiwe hivyo pembeni, bila kutajwa mbele ya wenzake.

Uliponiandikia uliuliza pia kama mununue miwani ya shule. Subirini. Miwani ya karatasi ya kuwekea simu ni nafuu, lakini simu nyingi za bei ya chini hazina jairo, kihisio kinachopima kugeuka kwa simu, na hata zenye nayo hufuata kugeuka kwa kichwa tu, hazifuati mtu anapoinama wala anapoinua mkono. Utapata picha nzuri, hutapata mwili. Anza na glavu, mchele, khanga na brashi mbili. Gawa darasa: nusu wapapaswe kwa pamoja, nusu kwa kuachana, na anayewauliza maswali asijue nani alikuwa kundi gani. Pima kwa rula ni sentimita ngapi kidole kimekosea kuelekea kwenye glavu. Siku ya pili chukua penseli za rangi. Mwanafunzi akazie macho nukta ubaoni, mwenzake amletee penseli taratibu kutoka nyuma ya sikio kuja mbele, naye aseme lini ameona kuna kitu na lini ametambua rangi yake. Mwache kwanza akisie, kabla hamjaanza, rangi ataiona kuanzia wapi. Andikeni makisio kwa kalamu ya wino, yasifutike. Kisha unitumie namba zenu, na huyo aliyeuliza swali ndiye awe mshika rula.